Mtu wa Kulala na Bibi

Mwanangu,

Barua yako ya kutoka Leeds, huko England, nimeipata na salamu zote nimezifikisha, isipokuwa kwa Bibi, ambaye aliniuliza huyo Leeds ni mume wa nani.

Umeuliza kama ni afadhali tutafute mtu wa kuishi na Bibi pale kwake Ngamiani, Tanga, wewe ukichangia mshahara, au tuanze kuulizia makao ya wazee kabla hajaanguka tena bafuni. Kuhusu makao sitakuchosha. Haya ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni na Njoro kule Moshi, ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana wa kuwatazama, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inayahesabu makao kuwa njia ya mwisho, familia ikishindwa. Bibi ana watoto saba. Nani kati yao atatia sahihi kwamba mama yao hana mtu?

Mimi ninalotaka kulijua ni jingine: huyo mtu atakayelala na Bibi, yeye mwenyewe atalala saa ngapi?

Unamkumbuka yule dada wa Korogwe aliyemtunza Babu alipopigwa na kiharusi. Alikuwa akikunja shuka mara mbili na kulitandika chini ya kiuno cha Babu, na usiku kila baada ya saa mbili alilishika pembeni, akamgeuza ubavu bila kuiburuta ngozi juu ya godoro, kisha akamwekea mto katikati ya magoti. Damu ikizuiwa kupita mahali pamoja kwa muda mrefu, nyama huweza kufa ndani kwa ndani wakati ngozi bado inaonekana nzima, na hilo alilijua kuliko sisi wote tuliosoma. Mchana alifua, alipika, tena alifungasha barafu za biashara ya shangazi yako, kwa kuwa msichana akishaingia katika nyumba yetu kila mmoja humwona kuwa ni wake. Ba'mkubwa wako aliposhuka kutoka Dar es Salaam bila taarifa, alimkuta saa nne asubuhi amepitiwa na usingizi sebuleni. Alimlipa siku zake na kumpandisha basi jioni ile ile. Nilisema, nikaambiwa mkwe hana neno mbele ya mtoto wa kwanza. Shangazi zako wakapangiana zamu, na kwa kweli kwenye karatasi zilipangika vizuri sana. Mwezi haujaandama, kidonda kikawa kimefunguka juu ya makalio, kirefu cha kuingia kidole, na Babu ambaye ulimi ulikuwa umeshakufa akawa anamng'ang'ania mkono kila aliyekuja kumgeuza.

Huenda ninamtetea yule dada kupita kiasi. Kiharusi kile kilikuwa kikubwa, na wapo wagonjwa waliopata vidonda mikononi mwa wauguzi wenye vyeti. Ba'mkubwa wako naye alichokiona ni baba yake yuko peke yake chumbani, na anayelipwa kumtazama anakoroma. Hata mimi ningekasirika. Lakini ningeuliza kwanza alilala saa ngapi usiku.

Wewe uliniandikia kwamba kwa huyo mama wa Kiingereza unayeishi naye na kumtunza, mkataba wako unakupa saa mbili zako kila mchana, na baada ya wiki kadhaa mwenzako huja kukupokea. Ulinieleza pia kwamba huko England mzee anayeishi peke yake akihamia makaoni, kwa kawaida thamani ya nyumba yake huingizwa katika kupima uwezo wake wa kulipa, na akitunzwa kwake haiingizwi. Nikaelewa kwa nini wanawe hawakusita kukuajiri. (Nyumba ya Bibi haipimwi na yeyote, ila na wajukuu fulani ambao sitawataja.) Mbona kwetu mtu mmoja anatarajiwa awe macho usiku na mchana? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko yawe saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo siku 28 kwa mwaka. Wiki ina saa 168. Hizo 123 zinazobaki ni za nani, kama si zetu?

Utaniambia kulala katika nyumba si kufanya kazi. Ni kweli, kama Bibi angelala. Siku hizi huamka mara tatu kwenda chooni, kila mara lazima ashikwe mkono, na usingizi unaokatwa hivyo haumfikishi mtu asubuhi akiwa na subira.

Sitasema tufanye nini. Mama ni wa baba yako na ndugu zake, na watakaa kikao Ijumaa baada ya swala. Nikiulizwa nitajibu, na unanijua, nisipoulizwa pia nitakohoa. Fedha yako ikitosha watu wawili kwa zamu ningefurahi. Ikitosha mmoja, basi wana saba wana usiku saba wa kugawana, na nisingependa kusikia habari ya karatasi. Lakini nimesema sisemi.

Ukimpigia ba'mkubwa wako kabla ya Ijumaa, mwamkie vizuri, halafu muulize kile chumba cha uani chenye mlango wa kufungwa kwa ndani kitakuwa tupu lini. Tangu yule dada aondoke amekijaza mifuko yake ya saruji.

Mama yako