Maswali na Majibu: Miksa Ndogo ya Kurekodi Nyumbani na Kupigia Shughuli

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: miksa gani ndogo inafaa kurekodi nayo chumbani na Jumamosi ukaibeba kwenda nayo kwenye shughuli? Msimamo wetu tunausema mapema. Usinunue kwa kufuata idadi ya chaneli iliyoandikwa kwenye boksi. Hesabu matundu ya maiki, hesabu njia za sauti kutoka, kisha ndiyo uulize bei.

Miksa niliyoletewa imeandikwa 8, lakini naona matundu mawili tu ya maiki. Nimeuziwa feki? (Mwalimu wa kwaya, Mbeya)

Hapana mwalimu, hujaibiwa. Watengenezaji huhesabu kila mlango wa sauti, na chaneli moja ya stereo kwao ni mbili, kushoto na kulia. Behringer Xenyx Q802USB ina maiki mbili tu. Milango mingine ni ya kinanda, simu au redio. Yamaha MG10XU ina maiki 4, na chaneli tatu za stereo zinazokamilisha ile 10.

Maiki ukiichomeka kwa jeki kwenye chaneli ya stereo, sauti itatoka ndogo sana, na ukiipandisha utapata mchakacho, kwa sababu mlango ule hauna kikuza sauti cha maiki. Maiki zisizo na waya ni habari nyingine. Risiva yake huwa na tundu la jeki la kutolea sauti iliyokwisha kukuzwa. Ichomeke kwenye chaneli ya stereo upande ulioandikwa L/MONO, na umeokoa tundu moja la kanoni (XLR, lile la duara la maiki). Kwa kwaya yenye maiki nne za waimbaji, kinanda na maiki ya mhubiri, tafuta miksa ya maiki 6. Kukaa bila tundu la akiba ni kujitafutia taabu siku ya mgeni.

Mimi naimba, mwenzangu anapiga gitaa. Tunarekodi nyumbani na tunapiga hotelini mwisho wa wiki. Tununue miksa yenye USB au kadi ya sauti ya kurekodia? (Msomaji, Tanga)

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Miksa nyingi ndogo zenye USB hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu: mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa, kushoto na kulia. Hata ukiwa na maiki nne, kompyuta inapokea stereo moja. Ukigundua kesho yake kwamba gitaa limeizidi sauti, huwezi kulishusha peke yake. Kadi ya sauti hupeleka kila mlango kwenye trekki yake, lakini jukwaani inakuangusha: nyingi hazina feda (kidhibiti cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli), hazina nobu za besi na trebo, na hazifanyi kazi sawasawa bila kompyuta.

Kwa watu wawili kuna njia ya kufanya hata na miksa ya njia mbili. Zungusha PAN (nobu ya kupeleka sauti kushoto au kulia) ya sauti yako yote kushoto na ya gitaa yote kulia. Zima kabisa mwangwi wa ndani ya miksa, maana unatoka pande zote mbili na utaichafua kila trekki. Rekodi trekki moja ya stereo, kisha ndani ya programu igawe iwe mono mbili na urudishe kila moja katikati. Mkienda hotelini rudisheni PAN katikati kabla ya kupiga. Mkisahau na pale kukawa na spika moja iliyochomekwa upande wa kushoto, gitaa halitasikika kabisa.

Mkiwa na uwezo zaidi, Allen & Heath ZEDi-10 hupeleka njia 4 kwenye kompyuta. Zoom LiveTrak L-8 ina maiki 6, hurekodi kila chaneli peke yake kwenye kadi ya SD bila kompyuta, na inaweza kuendeshwa na betri 4 za AA umeme ukikatika. Tascam Model 12 nayo hurekodi trekki 12 kwenye kadi, ila ni kubwa na nzito zaidi. Kwa watu wawili tungechagua L-8 au ZEDi-10. Ya kwanza kama kompyuta yenu ni ya kuazima, ya pili kama mnayo yenu na mmezoea kuhariri ndani yake.

Jambo jingine kuhusu kurekodi hotelini kupitia miksa: rekodi inabeba kile tu kilichopita kwenye miksa. Ngoma zinazosikika ukumbini kwa nguvu zake zenyewe hazitakuwemo, au zitasikika kwa mbali kupitia maiki ya mwimbaji. Weka simu au kinasa kidogo ukumbini, rekodi pia kutoka hapo, halafu uchanganye baadaye.

Tunapiga taarab, watu saba. Nikishusha sauti ya mwimbaji kwa ajili ya ukumbi, na kwenye monita yake (spika ya kujisikilizia) inashuka, naye anaanza kupiga kelele. Miksa ni mbovu? (Fundi mitambo, Mombasa)

Si mbovu, kaka, njia unayotumia siyo ya monita. Nobu iliyoandikwa FX kwenye miksa ndogo huchukua sauti baada ya feda. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa mwangwi, ili ukishusha mwimbaji na mwangwi wake ushuke. Monita inataka kinyume chake: sauti ichukuliwe kabla ya feda, ibaki palepale hata ukicheza na feda namna gani.

Unapochagua miksa ya jukwaani, tafuta nobu ya AUX (njia ya pembeni ya kutolea sauti) iliyoandikwa PRE au yenye kibonyezo cha PRE. Maandishi ya mbele yasipoeleza, fungua kurasa za mwisho za kitabu cha maelekezo; kuna mchoro wa njia ya sauti. Fuata mstari kutoka maiki: ukikuta unagawanyika kwenda AUX kabla ya kufika kwenye feda, ndiyo yenyewe. Mchoro huo unapatikana pia kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa hiyo unaweza kuukagua kabla ya kutoa pesa.

Kwa watu saba, AUX moja ya aina hiyo ni mwanzo tu. Mwimbaji anataka kujisikia mwenyewe, mpiga fidla anataka kusikia kinanda, na kwa njia moja wote wanasikia mchanganyiko uleule. Zikiwa mbili mtaelewana. Zikihitajika nne, acha miksa ndogo za analogi utazame za kidijitali kama Behringer XR18, yenye maiki 16, inayoongozwa kwa tableti. Nunua pamoja nayo ruta yako ya Wi-Fi, kwa sababu ile ya ndani huyumba ukumbi ukijaa simu.

Nikipiga wimbo kutoka kwenye simu, ala zinasikika lakini mwimbaji kapotea, na besi imekonda. (MC wa harusi, Morogoro)

Ni waya. Unatumia waya wenye jeki ndogo ya stereo upande wa simu na jeki kubwa moja ya stereo upande wa miksa, tena umeuchomeka kwenye tundu la mono. Itazame jeki hiyo: ina pete mbili nyeusi, kwa hiyo ncha yake inabeba kushoto na sehemu ya kati inabeba kulia. Tundu la mono la miksa limetengenezwa kutoa tofauti kati ya sehemu hizo mbili ili kufuta kelele zilizoingia njiani. Mwimbaji na besi kwa kawaida huwekwa katikati ya wimbo, yaani sawasawa kushoto na kulia. Miksa inapotoa kimoja kwenye kingine, wanafutika.

Nunua waya wa jeki ndogo ya stereo unaogawanyika kuwa jeki kubwa mbili za mono. Chomeka L na R za chaneli moja ya stereo. Sauti ya simu iweke karibu na mwisho, na kiasi ukirekebishe kwenye miksa.

Maiki yangu ni Shure SM58. Nikirekodi kipindi cha mazungumzo, sauti ni ndogo na kuna shhh. Niwashe ile 48V? (Dada wa Nairobi)

Kuiwasha hakutaidhuru SM58 yenye waya mzima, ila hakutakusaidia. Volti 48 ni chakula cha maiki za kondensa na DI boksi (visanduku vya kuunganishia ala na miksa) zinazohitaji umeme. Maiki za utepe (ribbon) ziepushe nayo, hasa kwa waya wenye kasoro.

SM58 hutoa takriban milivolti 1.85 kwa kiwango cha sauti ambacho kondensa kama Rode NT1-A hutoa 25, zaidi ya mara 13. Kwa hiyo inadai geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) kubwa, na kikuza sauti cha bei rahisi kikifikishwa mwisho kinaanza kuchakacha. Kabla ya kununua chochote, sogea. Kutoka sentimita 30 hadi 15 unapata takriban desibeli 6. Kutoka 15 hadi 7 unapata nyingine 6 hivi. Bonyeza LOW CUT kuondoa mtetemo wa chini ya hezi 80 au 100, kwa kuwa ukisogea karibu besi inaongezeka.

Kisha panga geini upya. Geini iwe chini kabisa, feda ikae kwenye 0. Ongea kwa nguvu utakayotumia kwenye kipindi, bonyeza PFL (kibonyezo cha kupima chaneli hiyo peke yake kabla ya feda), pandisha geini mpaka taa za mita zicheze kwenye 0. Taa nyekundu ya PEAK ikiwaka, rudi nyuma kidogo. Kama miksa yako haina PFL, nyamazisha chaneli nyingine, feda kuu iwe kwenye 0, na usome mita kuu. Kwenye programu ya kurekodi, vilele viwe kati ya desibeli −12 na −6. Kule ikigusa 0 sauti imekatika, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa.

Kuna mvumo mzito kila nikichomeka chaja ya laptopu. (Msomaji, Dodoma)

Chomoa chaja, endesha kwa betri. Mvumo ukiisha, umepata sababu: laptopu na miksa zinafika kwenye ethi kwa njia mbili tofauti, na umeme wetu wa hezi 50 unapita kwenye duara hilo. Chomeka miksa, laptopu na spika kwenye ekstensheni moja. Usipokoma, kama sauti inatoka kwenye tundu la hedifoni la laptopu, weka DI boksi yenye transfoma katikati. Waya za kwenda kwenye spika ziwe za kanoni au jeki ya pete mbili, hasa zikizidi mita 5.

Usikate pini ya ethi, hata ukiona mvumo umekoma. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo la ethi halijaungwa popote. Ukigusa nyuzi za gitaa na midomo ikigusa maiki ukahisi kutekenywa na umeme, zima kila kitu na uite fundi umeme apime. Shoti ya namna hiyo inaua.

Nikirekodi najisikia mara mbili kwenye hedifoni, na mara nyingine mluzi unapanda. (Msanii, Kampala)

Ni matatizo mawili. Kujisikia mara mbili ni kwa sababu miksa inakupa sauti yako papo hapo, na programu inakurudishia ileile ikiwa imechelewa. Bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata) ya sampuli 512 kwa kasi ya 44.1 kHz peke yake ni milisekunde 11.6 kwa kwenda tu. Zima kujisikiliza ndani ya programu, jisikilize kupitia miksa.

Mluzi ni duara: sauti ya kompyuta inarudi kwenye mchanganyiko mkuu, mchanganyiko mkuu unarekodiwa, unarudi tena. Tafuta kibonyezo cha kupeleka USB kwenye hedifoni tu, siyo kwenye MAIN.

Nimepata miksa ya mtumba kutoka Marekani. Niangalie nini? (Msomaji, Zanzibar)

Anza na adapta. Ikiwa imeandikwa INPUT 120V 60Hz peke yake, usiichomeke kwenye umeme wa volti 230. Itaungua na huenda ikaunguza na miksa. Iliyoandikwa 100-240V haina neno. Ukitafuta mbadala, soma mstari wa OUTPUT. Alama ya wimbi ni umeme wa AC, mstari ulionyooka wenye vinukta chini yake ni DC. Miksa nyingi ndogo zinatumia adapta za AC zenye pini tatu, na adapta ya DC haiwezi kushika nafasi yake hata volti zikilingana.

Nenda na maiki, waya wake, hedifoni, laptopu na kipima umeme. Jaribu kila tundu. Zungusha kila nobu taratibu ukisikiliza mikwaruzo, halafu utikise kidogo tundu la adapta. Washa 48V na upime kwenye tundu la kanoni kati ya pini 1 na 2, kisha 1 na 3. Kila upande usome kati ya volti 44 na 52. Rekodi dakika moja kwa USB. Nobu zinazokwaruza ni kawaida kwa vifaa vilivyokaa pwani kwenye unyevu wa chumvi, na dawa ya kusafishia kontakti huzirudisha. Mafuta ya kulainishia vyuma yanashika vumbi, usiyatie. Taa ya PEAK isiyozimika au chaneli iliyokufa ni sababu ya kuiacha.

Kipi kiwashwe kwanza? (Msomaji, Bujumbura)

Miksa kwanza, feda kuu ikiwa chini, na spika mwisho. Kuzima ni spika kwanza. Ukigeuza, mshindo wa miksa kuwaka unapita moja kwa moja kwenye spika, na spika ndogo ya trebo ndiyo huanza kuumia.