Karatasi za Lincoln: maswali yenu na majibu yangu

Toleo lililopita nilieleza jinsi karatasi binafsi za Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani, zilivyokaa zimefungwa hadi mwaka 1947. Maswali yamekuja mengi, na nimefurahi mno, maana barua za zamani nazipenda kwa moyo wote. Nimeanza na haya.

Karatasi za rais zinakuwaje mali ya mtoto wake? Si mali ya serikali? (Mwalimu wa Historia, Morogoro)

Leo zingekuwa mali ya taifa, Mwalimu. Lakini sheria inayosema hivyo Wamarekani waliipitisha mwaka 1978 tu. Kabla ya hapo rais aliyemaliza muda wake alifungasha makaratasi yake na kuondoka nayo, sawa na anavyoondoka na nguo zake. Lincoln hakupata nafasi hiyo. Alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafariki asubuhi yake, na wasia hakuacha. Makatibu wake wawili, John Nicolay na John Hay, ndio waliozipanga karatasi kwenye makasha. Zikapelekwa Bloomington, Illinois, kwa Jaji David Davis, msimamizi wa mirathi. Mwenye kauli juu ya karatasi hizo akawa Robert, mtoto mkubwa, kijana wa miaka 21.

Mwenye mali anaweza kuihifadhi na anaweza kuiangamiza. Rais Chester Arthur, aliyefariki mwaka 1886, karatasi zake nyingi zilichomwa moto kwa amri yake mwenyewe, na hakuna sheria iliyovunjwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya aliyoyafanya tunayajua kupitia karatasi za watu wengine.

Huyo Robert alikuwa anaficha nini? (Msomaji wa Dodoma)

Kwa miaka mingi aliwaruhusu Nicolay na Hay peke yao, nao wakaandika maisha ya Lincoln kwa majuzuu 10 yaliyotoka mwaka 1890. Mwaka 1919 Robert akaziweka Maktaba ya Bunge mjini Washington, na mwaka 1923 akaitunuku Maktaba hiyo kwa hati, kwa sharti moja: asizione mtu hadi ipite miaka 21 tangu kifo chake. Akafariki tarehe 26 Julai 1926. Basi tarehe 26 Julai 1947, saa sita za usiku zilipopita tu, wanahistoria waliokuwa wanasubiri Maktabani wakafunguliwa.

Kuna kisa maarufu kwamba Robert alikutwa akizichoma moto, rafiki yake akamzuia. Aliyekisimulia ni Nicholas Murray Butler, mkuu wa Chuo Kikuu cha Columbia, lakini wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Mimi Robert namtetea. Barua zile zilitaja watu waliokuwa hai, zikasema maneno makali juu yao, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaumizwa na yaliyoandikwa kuhusu wazazi wake. Alifunga, akataja na siku ya kufungua. Aliyetaja siku ya kufungua hajakusudia kuangamiza.

Je, walipofungua walikuta siri ya mauaji? (Msomaji wa Mombasa)

Hapana. Uvumi ulikuwa mwingi, hata kwamba Waziri wa Vita wa Lincoln mwenyewe, Edwin Stanton, alihusika, lakini hakikupatikana cha kuuthibitisha. Mkusanyiko una nyaraka zipatazo 20,000, na nyingi si maneno ya Lincoln: ni barua alizoandikiwa na wanajeshi, magavana, wajane, watu wanaoomba kazi na watu wanaomtukana. Na mengi ya maana Nicolay na Hay walikuwa wameshayachapa.

Hata hivyo, usiseme basi hakuna kitu. Chukua barua ya tarehe 14 Julai 1863 kwa Jenerali Meade. Ulikuwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini ya Lincoln dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Meade alikuwa ameshinda vita vya Gettysburg siku kumi na moja kabla, lakini akaliacha jeshi la Lee, jenerali wa Kusini, livuke mto Potomac na kuponyoka. Lincoln akaandika kwa uchungu kwamba nafasi ya dhahabu imepotea na kwamba amesononeka kupita kiasi. Kisha akaitia katika bahasha, na juu yake akaandika kuwa ni ya Jenerali Meade, haikupelekwa wala haikutiwa saini. Meade hakuisoma kamwe. Tunaisoma sisi, na humo tunamwona mtu aliyeimaliza hasira yake kwenye karatasi, halafu akamwacha jenerali wake aendelee na kazi.

Kisha tazama Agosti 1864. Vita vilikuwa vinakwenda vibaya na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Tarehe 23 Lincoln aliandika kikaratasi kwamba yaelekea sana hatachaguliwa tena, na kwamba atashirikiana na atakayeshinda ili kuiokoa nchi kabla mwenzake hajaapishwa. Akaikunja, akaigundisha kwa gundi, na mawaziri wake wakatia saini nyuma yake bila kujua ndani mna nini. Aliposhinda Novemba ndipo ikafunguliwa mbele yao.

Sasa iweke pembeni yake barua ya Frederick Douglass ya tarehe 29 mwezi huohuo. Douglass aliwahi kuwa mtumwa, akatoroka, akawa sauti kubwa ya watu Weusi wa Marekani. Siku kumi kabla, Lincoln alikuwa amemwita Ikulu. Alihofia kwamba akishindwa, watumwa walioko upande wa adui hawatapata tena njia ya kutoka, hivyo wafanyiwe mpango wa kutoka mapema. Barua ya Douglass ndiyo mpango wenyewe: apatikane mtu wa kuusimamia, apewe mawakala wa kwenda huko kuwaarifu na kuwaongoza. Kila karatasi kwa peke yake ni habari fupi. Ukizisoma pamoja unaelewa kwamba mtu huyu alikuwa anajiandaa kushindwa, na katika maandalizi yake aliwakumbuka waliokuwa bado minyororoni. Kwangu hiyo ni kubwa kuliko siri yoyote.

Tangazo la kuwaachia huru watumwa nalo limo humo? (Mwanafunzi, Kigoma)

Imo rasimu ya kwanza, aliyowasomea mawaziri tarehe 22 Julai 1862. Tangazo rasmi la tarehe 1 Januari 1863 liko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Nakala ya mwisho kwa mwandiko wa Lincoln iliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871.

Nikiwa Mwanza naweza kuzisoma? (Msomaji)

Unaweza, bure, kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge. Miandiko ya wakati ule inasumbua, kwa hiyo anza na zile zilizokwisha kunakiliwa kwa chapa. Tangu 2018 watu wa kujitolea wamezinakili kwa maelfu.

Kuna karatasi kama hizo zinazotugusa sisi wa Pwani? (Msomaji wa Unguja)

Zipo. Marekani ilifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 akafika Unguja balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, aliyekuwa mfanyabiashara pia. Barua na shajara zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Phillips huko Massachusetts. Humo mna pembe, sandarusi, na ile nguo tuliyoiita amerikani.

Babu alituachia sanduku la barua, nyingine kwa hati za Kiarabu. Nifanyeje? (Msomaji wa Tanga)

Kwanza, ndugu yangu, usizipange upya. Jinsi babu alivyozifunga pamoja nayo ni habari. Ondoa pini zenye kutu, usibandike selotepu wala kuzipeleka kutiwa plastiki, na ziweke mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Zipige picha zote, mbele na nyuma, pamoja na bahasha. Ukitaka kuzikabidhi kwenye hifadhi ya nyaraka unaweza kuomba masharti kama Robert, hata la kuzifunga kwa miaka kadhaa, mradi liwe kwa maandishi. Lakini kabla ya yote, mtafute mzee anayezisoma hati hizo, mkae naye, na mrekodi sauti yake akisoma.