Nafanya nini kutwa Pangani

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na za wajukuu, na mfuko wa dawa umefika kwa mkono wa dereva yule yule. Presha imetulia. Goti ndilo lenye kiburi.

Ijumaa uliniuliza kwenye simu, "Lakini baba, huko unafanya nini kutwa?" Nikasema nipo tu, mtandao ukakata, na kusema kweli nilishukuru ulivyokata. Swali kama lile halijibiwi na mtu aliyesimama juu ya kiti uani akitafuta mtandao. Nimekaa nimeshika kalamu, mpwa wako ataipiga picha hii barua akurushie.

Basi, nikitoka msikitini alfajiri napita gatini kuangalia pantoni la kwanza likivuka kwenda Bweni. Sivuki. Naangalia nani anavuka. Shangazi yako akienda na kapu tupu najua minazi imeangushwa jana, akirudi nalo tupu najua kagombana tena na mkwezi. Kisha kahawa barazani na kashata moja kwa amri ya daktari, mbili daktari akiwa hayupo, na daktari hayupo siku nyingi. Saa nne naenda ufukweni kungoja ngalawa. Siku za bamvua wanachelewa, siku za maji mafu wanarudi mapema na hawana kitu, na sote tunajua hivyo kabla hawajafika, lakini tunakwenda kungoja vile vile.

Halafu kuna kifuu. Sijaacha. Maji yakikaribia kujaa nakaa pale pale kwenye jiwe letu, natupa kifuu mtoni, kinachukuliwa kuelekea juu kama mto umechanganyikiwa. Kinafika usawa wa mikoko, kinapunguza mwendo, kinasimama. Hapo ndipo ulikuwa ukinishika mkono na kuacha kupumua. Mto umetoka Kilimanjaro na Meru, umepita bwawa la Nyumba ya Mungu, umezungusha mitambo ya umeme ya Hale, kilomita kama 500, unafika hapa mlangoni bahari inauambia ngoja kwanza. Na unangoja! Kisha kifuu kinaanza kurudi, taratibu, hadi miguuni petu. Juzi kilirudi baada ya dakika arobaini na tatu. Ndiyo, nilipima. Mwalimu wa hesabu hastaafu.

Sasa nimekwisha kueleza nafanya nini, na naona hukuuliza hilo. Uliuliza nitahamia lini huko Dar, Tegeta, kwenye kile chumba mlichokipaka rangi.

Chumba ni kizuri. Zile wiki tatu za mwaka jana mke wako alinitunza kuliko ninavyostahili, na maji yanatoka bombani mtu hajaomba. Lakini wajukuu zangu wanaamshwa saa kumi na nusu usiku, wanavalishwa sare wakiwa usingizini, wanaenda kulala tena ndani ya basi la shule. Nilisimama getini nikawapungia mkono, nikapungia kioo chenye giza. Nikarudi ndani. Usiku wake nikakohoa, kile kikohozi changu unachokijua, na aliyeitika ni mbwa wa jirani. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo, na utachoka kunisikia: mji ni mahali unapokohoa gizani, mtu akakutaja jina. Mbwa alijitahidi.

Usinikasirikie. Nitakueleza jambo ambalo sijawahi kukueleza.

Mwaka 2001 nilikupeleka Dar kumwona baba yako mkubwa. Ulikuwa na miaka tisa, viatu vipya vinakubana na hukusema. Tukapita Segera, tukapita Chalinze, tukashuka Ubungo jua limeshazama. Stendi ilikuwa bado pale, haijapelekwa Mbezi. Tukapanda daladala la Kariakoo. Nami, kama niingiavyo popote penye watu, nikasema, "Assalaam aleikum jamani, habari za jioni." Kimya. Hakikuwa kimya cha ubaya, ni kama nimezungumza na viti. Kijana mmoja nyuma akachekea puani. Konda akasema, "Mzee sogea, hotuba baadaye." La konda halikuniuma, makonda wangapi nimewafundisha mimi kutoa chenji! Lililoniuma ni wewe. Ulinivuta shati, ukaninong'oneza: "Baba, usiwasalimie. Hawatujui."

Najua umesahau. Mimi naweza kukuonyesha ni shati lipi.

Siku tatu zile sikumsalimia mtu asiyenijua. Nilitembea Kariakoo nimefunga mdomo kama mfungaji, na wewe ukafurahi, ukaninunulia karanga kwa hela yako ya Idi. Tuliporudi na kufika kwenye kona ya boma, wale wazee wa bao wakatupokea kwa kelele kama tumetoka Hijja. Wewe ukapita pembeni yao, macho chini. Nikajua Dar imeshakuchukua, imebaki kukua tu.

Nimebishana na neno lako lile miaka ishirini na zaidi. Kuna siku nakuona ulikuwa na haki. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Nilikaa nikapiga hesabu: ukimsalimia mmoja kwa sekunde, bila kula wala kulala, unamaliza baada ya siku 62, na hujangoja jibu la hata mmoja. Binadamu gani ana koo hilo? Kwa hiyo watu wa Dar wananyamaza ili wafike kazini, sio kwamba wana roho mbaya. Wewe mwenyewe una roho nzuri na unanyamaza. Sawa. Lakini siku ile nilitaka kukuuliza, na sikukuuliza kwa kuwa machozi yalikuwa karibu: hawatujui, sasa watatujuaje?

Tena tusijisifu sana. Nilikuwa nikiwaambia darasani kwamba miaka ya 1860, Sultani Majid alipokuwa anaanza kujenga Dar, misafara ilikuwa ikiteremka hapa kwetu tangu zamani. Mlipenda hiyo. Sikupenda kumalizia, lakini nilimalizia: iliteremka na pembe, na iliteremka na watu wamefungwa. Na hapa hapa, Desemba 1889, ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri aliyepigana nao. Ukimya wa mji huu haukuanzia kwenye raha. Siku nyingine nikikaa kwenye jiwe letu nafikiri ni mji uliochoka tu, nami nausifia uchovu wake kwa kuwa umefanana na wangu.

Na kuna usiku wa mama yako. Huutaji, lakini kila ukisema "hospitali iko dakika kumi, baba" nausikia. Masika, barabara ya Tanga ni tope tupu, gari lilizama mara mbili. Tulitoka baada ya isha tukafika alfajiri. Ningekuwa kwako angewahi. Labda angewahi, foleni yenu nayo naijua. Hapana, angewahi. Nimeandika na siifuti.

Ila pale gari lilipozama mara ya kwanza, mvua ikipiga, walitoka watu kwenye nyumba zisizo na taa, na kabla hawajaona uso wa mtu, yule mama muuza vitumbua akauliza, "Huyo anayekohoa si mwalimu? Mgonjwa nani?" Wakasukuma. Wanawake wakaingia kukaa na mama yako, mmoja akamvua kanga iliyolowa akampa yake kavu. Hiyo kanga ninayo kabatini, mwenyewe amekataa kuipokea. Sasa niambie wewe, maana uko kwenye mizani kila siku kazini: kanga ina uzito gani ukiweka upande wa pili zile saa tulizopoteza? Mimi kila nikipima napata jibu jingine.

Barabara sasa inawekwa lami. Wanasema magari yataanza kupita hapa kutoka Bagamoyo moja kwa moja. Pengine nisihangaike, Dar itanifuata yenyewe.

Kuhusu kuhamia, sijakataa. Usimwambie dada yako nimekubali. Mbona nilikwisha kuamua... hapana, acha, tutaongea ukija.

Uje na betri kubwa nne za redio, hizi za hapa zinavuja. Wajukuu waje na ndala, viatu vya shule waviache huko. Mdogo nitampeleka kwenye kifuu, kaka yake ajifanye hajui. Mkichelewa mkafika usiku usinipigie simu, nitakuwa nimeiacha juu ya kiti. Simama mlangoni ukohoe.

Baba yako