Maswali na majibu: Vyuma baada ya miaka 60

Nina miaka 68 na sijawahi kunyanyua vyuma. Je, nimeshachelewa?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linarudi kana kwamba halijawahi kuulizwa. Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Maria Fiatarone, waliwafanyisha mazoezi mazito ya miguu wazee 10 wa makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90. Baada ya wiki 8, waliomaliza walikuwa wameongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya paja ilinenepa kwa takribani asilimia 9. Wawili waliacha kutembelea mkongojo. Wewe una miaka 68.

Mimi na mwanangu wa miaka 24 tunafanya mazoezi yale yale. Yeye anajaa misuli, mimi hata shati halibani. Kwa nini?

Kwa sababu mwili wako unaitikia mazoezi na chakula kwa uvivu zaidi. Kijana akila protini baada ya mazoezi, misuli yake huanza kujijenga upesi. Ukila kiasi kile kile, yako hujengeka kidogo tu. Isitoshe, nyuzi nene za misuli zinazofanya kazi kwa kasi, zile zinazokudaka ukijikwaa, ndizo zinazosinyaa zaidi uzeeni, na seli za akiba zinazozikarabati hupungua. Mishipa ya fahamu nayo hufa mmoja mmoja, na uzi wa msuli uliopoteza mshipa wake usipochukuliwa na mshipa jirani hupotea. Ndiyo maana nguvu hushuka haraka kuliko ukubwa wa msuli.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka hata kabla msuli haujanenepa, kwa kuwa ubongo unajifunza kuziamsha nyuzi zilizokuwa zimelala. Basi acha kupima kwa shati. Andika kwenye daftari umenyanyua kilo ngapi, mara ngapi, na linganisha na mwezi uliopita. Mwanao muache na mwili wake.

Mkufunzi ananipa dambeli za kilo 1, marudio 30, anasema kwa umri wangu zinatosha. Ni kweli?

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kama ukifika rudio la 30 bado unapiga soga, msuli haukupata sababu yoyote ya kukua. Wale wazee wa Boston walifanya kazi kwa asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa walioweza kuunyanyua, tena wakisimamiwa. Mzee anayepewa vyuma vya kuchezea haheshimiwi, anaibiwa muda, na muda ndio alionao kidogo.

Nilimsimamia mama wa miaka 71 ambaye hakuweza kuinuka kwenye kiti bila kusukuma magoti kwa viganja. Wiki 3 za kwanza tulishughulikia mkao tu. Kisha tukaongeza uzito kidogo kidogo. Siku aliyoinuka mikono ikiwa imekunjwa kifuani, alikaa tena na kuinuka mara ya pili, kuhakikisha.

Chagua uzito unaoweza kuunyanyua mara 8 hadi 12, marudio mawili ya mwisho yakikutoa jasho huku mkao haujaharibika. Siku 2 au 3 kwa wiki. Usibane pumzi, hasa kama una shinikizo la damu. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha papo hapo umwone daktari.

Kutembea kila asubuhi hakutoshi?

Hakutoshi. Endelea kutembea kwa ajili ya moyo, lakini vyuma bado unavihitaji.

Ninunue unga wa protini, au nidungwe homoni?

Fanya mazoezi kwanza. Mwaka 1994 Fiatarone na wenzake waliwafuatilia wazee 100 kwa wiki 10: waliofanya mazoezi waliongeza nguvu zaidi ya maradufu, ila kinywaji cha lishe bila mazoezi hakikuleta kitu. Lenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 ale gramu 70 hadi 84, azigawe kwenye milo yote, asiziache zote hadi usiku. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kabla ya kuongeza chochote. Na homoni za kuuziana jimu, bila kipimo cha damu wala daktari, msiziguse.

Nimeugua, nikalala siku 10. Miguu imelegea. Nipumzike mwezi mzima?

Tafadhali usifanye hivyo. Wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu, na hao hawakuwa wagonjwa. Homa ikishaisha na daktari akikuruhusu, weka kiti ukutani kisiteleze. Kaa, inuka, mara 5. Pumzika, rudia. Kesho jaribu mara 6.