Unashuti filamu fupi ya chuo hapa Dar? Anza na sauti, kamera itafuata

Kila ikifika kipindi cha projekti za mwisho wadogo zangu wa vyuoni wananijia inbox na swali moja, "kaka, nitafute kamera gani?" na mimi jibu langu halibadiliki: simu uliyoshika mkononi inatosha, kaa kwanza tuongee habari ya sauti. Wengi hawapendi jibu hilo, kwasababu kamera ukiibeba mtaani kila mtu anaona we ni dairekta, maiki nani anaiona. Lakini nimekaa kwenye maonyesho mengi ya filamu za wanafunzi, nimeediti za kwetu na za wenzetu, na nakwambia kitu ninachokiamini kabisa: picha ikiwa na giza kidogo watu wanavumilia, wengine wanadhani ndo staili, ila mhusika akiongea na maneno hayasikiki, ndani ya dakika 2 ukumbi mzima umeshika simu.

Na Dar sio mji wa kimya jamani. Kuna kunguru kuanzia alfajiri, kuna bodaboda, kuna mashine ya kufyatua tofali, kuna jamaa wa spika anayepita mtaani na rekodi yake ya dawa ya panya, mende na kunguni, kuna kigodoro cha Jumamosi, na kama uko Kipawa au Vingunguti ndege zinapita juu ya bati lako. Simu yako ina maiki ndogo inayosikia kila upande, kwahiyo mwigizaji akiwa mita 3 kutoka kwenye simu, kwa maiki hiyo yeye na bodaboda wana haki sawa.

Kwahiyo kabla hujapanga ratiba nenda lokesheni, siku ileile ya wiki na saa ileile unayotaka kushuti, ukae, ufumbe macho, usikilize tu. Usiende Jumanne mchana kukagua sehemu utakayoshuti Jumamosi jioni, hizo ni sehemu mbili tofauti kabisa. Filamu yetu sini za ndani tulizishuti nyumbani kwa shangazi wa mwenzetu mmoja Tabata, na kilichotupa ile nyumba sio uzuri wa sebule, ni kwamba Jumapili asubuhi mtaa ulikuwa umelala. Tuliandika pembeni ya skripti saa za adhana, saa za ibada ya kanisa la jirani, mda ambao fundi seremala wa nyuma anafungua, tukapanga sini za maongezi katikati ya hizo nafasi na zile zisizo na maneno tukazisukuma huko kwenye kelele. Hiyo karatasi ilitusaidia kuliko kifaa chochote.

Ndani ya nyumba nako kuna kazi. Sebule zetu nyingi ni vigae chini, ukuta mtupu na madirisha ya alumini, ukiongea sauti inagonga inarudi kama uko kisimani. Chukua blanketi, mazulia, vitenge vizito, tundika nyuma ya kamera na pembeni mahali ambapo lensi haioni, na kama kuna godoro la ziada liegemeze ukutani upande anaoelekea mwigizaji. Bure kabisa hiyo na inabadilisha sauti papo hapo. Zima feni, najua joto, ndo maana nimesema asubuhi, weka taulo karibu mwigizaji ajifute kati ya teki na teki. Zima friji, afu weka funguo za nyumba humohumo ndani ya friji, huwezi kuondoka bila funguo kwahiyo huwezi kusahau kuliwasha na kuozesha samaki wa watu.

Sasa maiki yenyewe. Nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey na mitaa ya karibu, tafuta maiki ya waya ya kubana kwenye nguo, hizi ndogo za kola. Zile wayalesi za bei rahisi za kuchomeka kwenye simu nazo zipo kila kona na kwa kuongea na kamera zinafaa, ila nyingi zinajipunguzia kelele zenyewe na zinakata mwanzo wa maneno, kwenye maigizo ya kunong'ona zitakuangusha. Ukinunua ya waya angalia chomeo lake: la simu lina pete nyeusi 3, la kamera lina 2, ukichukua la kamera ukachomeka kwenye simu bila adapta utarekodi kwa maiki ya simu yenyewe huku unadhani umevaa maiki. Na kama simu yako haina tundu la duara utahitaji adapta ya tundu lake la chaji, kwa nyingi ni type-C. Jaribu palepale dukani, rekodi, kwaruza kwa kucha kichwa cha maiki, sikiliza kwa earphone. Muuzaji hatokukatalia.

Mpango wetu ulikuwa simu moja ya picha na simu nyingine ya sauti. Ile ya sauti inakaa mfukoni kwa mwigizaji, waya unapita ndani ya shati, maiki inabanwa kifuani, kama shati lina kola ifiche chini ya kola, na waya ubandikwe na plasta usisugue. Weka apu ya kurekodi inayotoa WAV, 48 kHz, sio ile inayobana sauti. Simu zote mbili ziwe flight mode, maana simu ikiita katikati ya teki rekodi inakatika na ile teki ndo ilikuwa nzuri kuliko zote. Mwanzo wa kila teki mtu apige kofi moja mbele ya kamera, kwenye kuediti unaoanisha ule mlio na mikono inapokutana, umemaliza. Kiwango cha sauti kwenye mita ya apu kicheze karibu na -12 dB (desibeli), kisifike 0, kwasababu sauti iliyopasuka hamna programu ya kuirudisha vizuri, ndogo kidogo unaweza kuipandisha. Na lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusikiliza tu, mpe mamlaka ya kusema "turudie, imepita bodaboda" na dairekta asibishane naye.

Kingine ambacho watu wanakiruka: mkimaliza sini, kabla hamjafungua mlango, wote mkae kimya mrekodi dakika 1 ya ukimya wa hicho chumba. Kila chumba kina ukimya wake, na ukija kukata neno hapa na kuunga pale, bila hiyo dakika 1 utasikia mashimo.

Kwenye picha nitapita haraka maana hiyo mnaijua. Shuti fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukiacha simu kwenye 30 na 1/60 taa za tyubu na bulbu nyingi za LED zitakupa mistari inayotembea ukutani na huitoi tena. Apu ya kawaida ya simu nyingi haikuruhusu kuchagua hivyo, kuna Blackmagic Camera, ya bure, ipo ya iPhone na kwa baadhi ya Android. Humo kwenye apu funga kipimo cha mwanga na cha rangi, simu isibadilishe yenyewe mwigizaji akisogea dirishani. Mimi ningeshuti 1080p na sio 4K, najua wengi hamtanielewa, ila kwenye iPhone dakika 1 ya 4K ya fremu 30 inakula kama MB 170 hata kwenye ule mfumo wa kubana, 1080p ni kama MB 60, na ukumbi wa chuo projekta yake hata hiyo 4K haiioni. Nje epuka saa 6 mchana, jua liko utosini na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, na jioni usichelewe, huku kwetu giza linaingia ghafla, saa 10 na nusu uwe umeshapanga kila kitu. Ile kinga jua ya fedha ya kioo cha gari wanayouza machinga kwenye foleni ni riflekta nzuri kabisa.

Habari ya vibali usiipuuze kisa we ni mwanafunzi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976 na msimamizi ni Bodi ya Filamu, waulize mapema kazi ya chuo inahitaji nini, beba barua ya chuo, pitia serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mwenyekiti. Pale Magogoni kwenye kivuko panavutia sana kwa picha, ila Ikulu iko jirani na bandari iko jirani, ukitoa stendi ya kamera bila karatasi utaongea na watu wa usalama siku nzima. Droni ni habari nyingine, kuna mamlaka ya anga, TCAA, usirushe kienyeji.

Mafaili. Kila jioni kabla ya kulala nakala ziwe sehemu 3, laptopu, hadidisk, na moja isilale nyumba moja na hizo nyingine. Flashi ikigoma kupokea faili kubwa kuliko GB 4 haijafa, iko kwenye FAT32, ifomati iwe exFAT (toa vilivyomo kwanza!). Na msitumiane klipu WhatsApp kama video, inabanwa mpaka inakuwa uji, tuma kama dokumenti, inapokea mpaka GB 2. Kama bando linauma, kutana na mwenzako na flashi.

Kwenye kuediti, laptopu yenye nguvu kidogo weka DaVinci Resolve, toleo la bure linatosha kwa kila kitu utakachofanya chuoni, ikiwa nzito tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu unazokatia. Laptopu ya zamani weka Kdenlive au Shotcut, zote bure. CapCut ya simu pia inamaliza kazi ila kupanga sauti nyingi humo utachoka. Ukiona maneno na midomo vinaanza sawa afu taratibu vinaachana, tatizo sio masikio yako, simu nyingi hazishiki fremu 25 kamili, zinapanda na kushuka, pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha mafaili ya video, uchague fremu zisizobadilika, ndo uanze kukata.

Hapa sasa ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Zile kelele za Dar ulizozikimbia wakati wa kushuti, kwenye taimulaini unazirudisha moja moja, kwa kiasi unachotaka wewe. Chukua siku uzunguke na simu na maiki kukusanya: honi ya kivuko, konda anayeita "Mbagala Rangi Tatu", mafuta ya vitumbua yakichacharika, mvua ya masika kwenye bati, muuza kahawa anavyogonganisha vikombe vyake. Sisi tulikuwa na sini ya mama yuko peke yake jikoni, hana neno hata moja, na mwanzo ilikuwa imekaa kama picha ya mnato. Tukaweka vikombe vya muuza kahawa kwa mbali kidogo vinapita nje, vinasogea, vinaondoka. Hamna aliyeuliza tena ni saa ngapi, kila mtu ukumbini alijua ni jioni, na kila mtu alijua kuna mtu hajarudi nyumbani. Hela haikutoka hata shilingi. Kwa mwanafunzi wa Dar huo ni utajiri ambao mwenzako wa mji wa kimya hana, na inaniuma kweli nikiona mtu ana kivuko, ana Kariakoo, ana bahari, afu anaweka muziki wa piano wa kudownload mwanzo mpaka mwisho.

Vilivyokosekana, nyayo, mlango, sufuria, virekodi upya ndani ya kabati lililojaa nguo au ndani ya gari lililopaki na vioo vimefungwa. Sentensi iliyoharibika muite mwigizaji aje aidabi, yaani arekodi maneno upya, humohumo, ajiangalie kwenye simu huku anaongea, siku ileile ya kushuti kama inawezekana, sauti bado ina uchovu uleule.

Muziki, usichukue wimbo wa msanii kisa unaupenda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo, na hata bila wao YouTube yenyewe inaweza kuutambua na video yako kuzuiwa. Mtafute mwanafunzi mwenzako anayepiga gitaa au zeze, au produza wa singeli wa mtaani kwako, mwandikishane karatasi fupi inayosema unautumia wapi na jina lake linakaa wapi. Sabtaito za Kiingereza andika mwenyewe kwa mkono kama unataka kutuma matamasha ya nje, zile za kujiandika zenyewe zinachapia sana Kiswahili chetu cha mtaani, na faili la SRT, lile linalobeba sabtaito, ni maandishi tu, hata kwenye notepad unarekebisha.

Mwisho ekspoti kwa mfumo wa H.264, 1080p, bitireti kama Mbps 16, filamu ya dakika 10 itakuja karibu GB 1.2, weka kwenye flashi 2. Afu siku moja kabla ya onyesho omba uingie ukumbini, chomeka kwenye mashine yao yenyewe, kaa kiti cha nyuma kabisa karibu na feni na uende moja kwa moja kwenye ile sentensi ya chini kuliko zote kwenye filamu yako. Usipoisikia, rudi nyumbani ushushe muziki chini ya maongezi, uekspoti tena usiku huohuo.