Dakika nne za bibi: kwa kijana anayeanza kazi ya sauti

Jumapili usiku kijana mmoja wa Tanga alinitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Nina laki sita, nimeikusanya mwaka mzima. Ninunue lenzi au maiki? Wenzangu wananiambia sauti itasafishwa kwenye kompyuta." Nilimjibu mistari miwili kwa kuwa nilikuwa nimechoka, kisha usingizi ukagoma kuja. Ile sentensi yake ya mwisho naijua. Niliitamka mimi, kwa mdomo wangu, ndani ya nyumba moja ya Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, miaka mitatu iliyopita. Bado inaniuma.

Kwa hiyo leo namjibu sawasawa, na wewe unayesoma najua unataka anachotaka yeye: filamu yako ioneshwe, watu wakae mpaka mwisho, na asiwepo hata mmoja wa kumgeukia jirani yake kuuliza, "Kasema nini?"

Ile filamu ilikuwa fupi, ya dakika 22. Kazi ya sauti nilikuwa nayo peke yangu: bumu, ile maiki ya kwenye fimbo ndefu, mkononi, rekoda kifuani, na dogo mmoja wa kunibebea begi. Sini kubwa ilikuwa ya bibi anayemsimulia mjukuu wake jinsi mumewe alivyotoka na jahazi asirudi. Mama aliyecheza nafasi hiyo hakuwa mwigizaji wa kujulikana. Alikuwa mtu mzima wa hapahapa, amekulia kwenye ngoma, na marehemu mumewe kweli alikuwa mvuvi. Muongozaji alimpa karatasi ya maneno, akaisoma mara moja, akaikunja na kuiweka chini ya mkeka.

Chumba tulikipata cha zamani, kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti juu, sakafu tupu. Nilipiga kofi moja katikati ya chumba, kofi likanirudia. Nikaomba godoro na mablanketi mawili kwa mwenye nyumba, nikayaning'iniza nyuma ya kamera, mwangwi ukapungua. Hilo nililifanya vizuri na silionei haya. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilisimama nikasikiliza: kunguru, bodaboda mojamoja kwa mbali, basi. Nikajiambia leo Mungu kanipa kimya.

Tulisubiri adhana ya adhuhuri iishe. Misikiti ya Mji Mkongwe haianzi kwa sekunde moja. Mmoja unamaliza na mwingine uko katikati, kwa hiyo unasubiri mpaka wa mwisho. Tukapiga teki ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu bibi aliacha maneno ya karatasi na kuanza kusema ya kwake. Alisema alivyopika wali siku ile, alivyoufunika kwa kawa, na alivyokaa nao siku tatu bila kuumwaga. Mjukuu aliyekaa mbele yake akalia kweli. Dakika nne. Kameramani alikuwa anauma mdomo asitoe sauti.

Katikati ya hizo dakika nne umeme ulirudi. Hakuna aliyejua, maana taa zote tulishazizima na kamera ilikuwa inatumia betri. Nyuma ya ukuta, kwenye duka la jirani, friza ya maji na barafu ikaanza kunguruma.

Na mimi je? Hedifoni zangu zilikuwa shingoni. Sikio lao la kushoto lilikuwa limekufa tangu juzi yake, na lile la kulia lilinibana, basi nikaona nitazame mita tu. Mita ilikuwa inacheza vizuri, vilele vikigusa desibeli -12, mahali panapotakiwa. Muongozaji akauliza, "Sauti?" Nikajibu, "Iko sawa." Kisha nikaongeza, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: "Hata kama kuna kitu, tutasafisha kwenye kompyuta."

Mita inakuonyesha sauti ni kubwa kiasi gani. Haikuambii ni sauti ya nini. Friza na pumzi za bibi, kwake vyote ni vile vimistari vya kijani.

Sikurekodi hata sauti ya chumba kitupu, ule ukimya wa dakika moja ambao mhariri anautumia kuziba viraka. Maji yalikuwa yanakupwa, ngalawa ilikuwa inatungoja, na ufukwe wa Bagamoyo mnaujua: bahari ikishatoka inatoka kwelikweli, chombo kinabaki kimelalia ubavu kwenye tope. Kila mtu alikuwa anakimbia, nami nikakimbia nao.

Usiku, gesti, ndipo nilipoisikiliza teki ya tatu. Mngurumo unaingia kwenye sekunde ya 70 na hautoki tena. Halafu kila bibi alipojifuta machozi, ncha ya khanga ilipita juu ya ile maiki ndogo niliyombana kifuani, na neno likafunikwa. Khanga ilikuwa mpya, ina wanga bado. Hakuna kitambaa kinachokwaruza maiki kama khanga ambayo haijafuliwa.

Mhariri alijaribu wiki nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mngurumo wake haukai hapo tu, unapanda 100, 150, 200 na kuendelea. Sauti ya mwanamke mtu mzima nayo msingi wake uko karibu na hapo kwenye 200. Kila alipoifyeka friza alifyeka na bibi. Mwishoni bibi alisikika kama anazungumza ndani ya mtungi.

Nikamfuata nyumbani kwake na rekoda, nikamwomba aseme tena. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniletea maji ya kunywa. Alijaribu mara mbili, kisha akanyamaza. "Mwanangu," akaniambia, "yale niliyasema siku ile. Leo nitakuwa naigiza." Sikumlazimisha. Nilirudi mikono mitupu, na mpaka leo nashukuru kwamba sikumlazimisha.

Filamu ikaonyeshwa na maandishi chini ya picha, Kiswahili juu ya Kiswahili, kwa watu wa Bagamoyo wanaozungumza lugha hiyohiyo ya bibi. Watu wa nyuma walikuwa wakiulizana. Taa zilipowashwa muongozaji alisema mbele ya wote kwamba kila mtu alitimiza wajibu wake isipokuwa sauti. Hakunitazama. Sikupigiwa simu ya kazi kwa mwaka na nusu. Nakubali kosa langu lote, lakini nitasema na hili: aliyenipa chumba hicho hakuniuliza, aliyeweka ratiba ya maji kupwa hakuniuliza, na nilipoomba hedifoni mpya niliambiwa bajeti imekwisha wakati lenzi ya pili ilikuwa imekodiwa siku hiyohiyo.

Basi sikiliza, mdogo wangu wa Tanga.

Vaa hedifoni. Zivae zote mbili masikioni, zile zinazofunika sikio zima, tangu jaribio mpaka neno la mwisho. Kama zimekufa, kazi isimame mpaka zipatikane nyingine. Ukizishusha shingoni kwa dakika moja, umekuwa mtazamaji kama wengine.

Nenda lokesheni kabla ya kamera. Nenda saa ileile ya sini, kaa, funga macho. Tembea nyuma ya kila ukuta ujue nani anaishi huko na ana nini: friza, cherehani, mashine ya kusaga, kuku. Uliza, "Umeme ukirudi, hapa kinawaka nini?" Swali hili moja lingeniokoa. Siku hizi nazungumza na mwenye friza mapema, namlipa kitu, naizima kwa mkono wangu na kuacha funguo za gari au za nyumba yangu humo ndani. Siwezi kuondoka bila funguo, kwa hiyo siwezi kusahau kumwashia, na samaki wa watu hawaozi.

Mabati nayo yachunguze. Mvua kila mtu anaisikia, lakini jua la saa tano likipanda bati linatanuka na kupiga tak, tak, na hilo hulisikii mpaka uvae hedifoni. Nimeshasema hedifoni.

Kuhusu upepo sitasema mengi. Kusi ikivuma, kuanzia kama Mei mpaka Septemba, sponji iliyokuja na maiki haisaidii kitu ufukweni, unahitaji kuivisha maiki manyoya. Yangu ya kwanza niliyashona kwa fundi cherehani wa Magomeni, hapahapa Bagamoyo, kwa kitambaa cha manyoya marefu ambacho mgongo wake unapitisha hewa. Mgongo ukiwa mzito, maneno yanasikika kama mtu kafunikwa shuka. Sini za ufukweni zipange asubuhi, upepo wa bahari haujaamka.

Na sogea. Bumu iwe karibu mpaka kameramani aanze kulalamika, kisha uirudishe nyuma kiganja kimoja. Umbali ukizidi mara mbili, sauti ya mwigizaji inashuka kwa desibeli kama 6, na friza ya jirani inabaki palepale ilipo. Hakuna kompyuta inayomrudisha mtu karibu.

Nakuandikia haya nikiwa na furaha pia, na sitaificha. Mwezi uliopita nilifanya sini ya mnada soko la samaki la hapa, mahali ambapo kila mtu wa sauti anapakimbia: injini za boti, wachuuzi, mikokoteni, na mama wanaokaanga. Karai la samaki likichemka mafuta, kwenye hedifoni linasikika kama mvua juu ya bati. Nilikwenda pale siku tatu kabla. Siku ya kazi nikamwendea mama mwenye karai lililokuwa karibu zaidi. "Shikamoo mama. Naomba nusu saa ya kimya." Akanitazama. "Marahaba. Na samaki wangu wakilala?" Nikanunua beseni lote, tukala sisi kikosi kizima mchana, naye akaepua karai na kukaa kutuangalia.

Kila mwigizaji nilimbana maiki kwa plasta ya hospitali, moja kwa ndani ya nguo na moja kwa nje, ili nguo na maiki vitembee pamoja visikwaruzane. Khanga ya dada aliyekuwa mwigizaji mkuu niliifua mwenyewe usiku uliotangulia, mara mbili, mpaka ikalainika. Bumu juu, ya tahadhari. Tulipomaliza teki ya mwisho sikuwaacha waondoke. Niliwachukua waigizaji wawili nyuma ya ukuta, mbali kidogo na kelele, nikawaomba waseme maneno yaleyale mara tatu kwa kasi ileile, miili ikiwa bado na joto la sini. Baadaye nikarekodi soko peke yake dakika tano, hakuna anayeigiza.

Juzi muongozaji ameniandikia kutoka kwenye uhariri: ametumia maneno mawili tu ya nyuma ya ukuta, mengine yote ni ya sokoni kabisa, hajagusa kitu. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Sasa ninyi waongozaji na watayarishaji, nanyi mnasoma. Mnamwita mtu wa sauti siku ya mwisho, mnamlipa mwisho, na mnamlaumu wa kwanza. Kibali cha Bodi ya Filamu mnakifuatilia wiki nzima, lakini hamtoi asubuhi moja ya kwenda kusikiliza mahali mnapokwenda kushuti. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza kidogo. Neno asilolisikia halivumilii, anaondoka. Mpeni mtu wa sauti haki ya kusema "simama" bila kutazamwa kwa macho makali. Na yeye akisema "bado", msubirini. Anasikia kitu ambacho ninyi hamkisikii, ndiyo kazi mliyompa.

Kijana wangu, hela yako. Lenzi iache. Nunua hedifoni nzuri kwanza, halafu maiki ya bumu na fimbo yake, manyoya kashone. Ikibaki, nunua maiki moja ya kubana kifuani. Rekoda kama bado huna, simu itakufaa kwa kuanzia: iweke kwenye hali ya ndegeni, ifunge mfukoni kwa mwigizaji, irekodi, kisha piga kofi moja mbele ya kamera ili mhariri aoanishe sauti na picha. Kama unarekodi ndani ya kamera, zima ule mpangilio wa kujipandishia sauti wenyewe, maana mwigizaji akinyamaza unapandisha kelele ya chumba, akianza kusema unaishusha, na huko kupanda na kushuka hakuondoki. Rekodi kwa kilohezi 48, biti 24. Betri beba mara mbili ya unazodhani zinatosha. Na kila chumba unachotoka, waombe watu wote wasimame dakika moja bila kusogea, urekodi ukimya wake, hata kama maji yanakupwa na ngalawa inasubiri.

Ile teki ya tatu ninayo bado, kwenye diski mbili tofauti. Programu za kusafisha sauti zimekuwa bora kuliko miaka mitatu iliyopita, na kila inapotoka mpya ninaipitisha sauti ya bibi humo tena. Mwezi huu nimepata sekunde 40 alizokuwa amepotea kabisa, pale anapotaja wali na kawa. Nilimpelekea kwenye simu, akasikiliza amefumba macho, akaniomba niirudie.

Jumamosi ijayo tunashuti magofu ya Kaole. Mimi nitatangulia Alhamisi, saa kumi jioni, bila kamera. Panda basi la asubuhi kutoka Tanga, njoo na hedifoni zako.