Una laki tatu na unataka kupiga picha za wadudu? Usinunue lenzi

Jumapili iliyopita natoka misa ya pili nikakuta ujumbe kwenye simu. "Kaka shikamoo. Mimi niko Sengerema. Nazifuatilia sana picha zako za wadudu. Nina kamera ya mtumba na laki tatu niliyodunduliza. Nisaidie, ninunue lenzi gani ya makro?"

Nikajibu marahaba, halafu nikabaki nimeishika simu. Jibu lenyewe ni fupi: usinunue lenzi. Shida ni kwamba maneno hayo mawili mimi niliyanunua kwa laki nane na nusu, pesa ya kikoba, na kikoba chenyewe si changu, ni cha mke wangu. Kitu kilichokuuma hivyo hukitoi kwa maneno mawili. Kwa hiyo mdogo wangu wa Sengerema, na wengine mnaoniuliza swali hilo kila mwezi, kaeni kidogo.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa harusi. Sendofu, kipaimara, ubarikio, mahafali, popote palipo na keki na mimi nipo. Makro, yaani kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, ilinikuta kazini. Kuna harusi moja niliipiga jioni kwenye bustani ya ufukweni, upande wa Ilemela, na ilikuwa giza la mwezi. Mtu wa Mwanza nikimwambia hivyo ameshaelewa: wadudu wa ziwani walikuja. Wale wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, ukiwaona kwa mbali unadhani kuna kisiwa kinaungua. Hawaumi, ila wakiona taa wanakuja na ukoo mzima. Walijaa kwenye keki, kwenye glasi, kwenye shela ya bibi harusi. MC akageuza utani, kamati ikazima nusu ya taa, mama wa bwana harusi akavua kanga kufunika sahani za meza kuu.

Siku tatu baadaye niko kwenye kompyuta nawafuta mmoja mmoja, maana bibi harusi alishasema albamu yenye wadudu hapokei. Nikamvuta karibu mmoja aliyekaa kwenye shela jirani na sikio. Mkono ukasita. Kichwani alikuwa na papasi mbili zenye manyoya, kama ile brashi ya kuoshea chupa ya mtoto, na miguu ya mbele ameinyanyua kama mtu anayeomba dua. Alionekana kwa ukungu ukungu tu, lakini nilishaona. Miaka yote naishi na hawa viumbe, nawafagia asubuhi kwa ndoo, sijawahi kujua wana sura.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Usiku naangalia video za watu wa Ulaya wakipiga macho ya nzi, mchana naota lenzi ya makro ya milimita 100. Mke wangu akachukua mkopo kwenye kikoba kwa jina lake. Nikampata muuzaji wa mtumba Dar es Salaam, kwenye picha lenzi inang'aa kama imetoka dukani jana. Mzigo ukaja kwa basi, nikaufuata stendi ya Nyegezi saa nne usiku. Sikuufungua pale. Nilipanda boda nao kifuani kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikaiweka kwenye kamera, nikampiga picha sisimizi ukutani. Picha nzima ina weupe, kama umepiga kupitia chandarua. Nikamulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma: ndani kuna kuvu, nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye kioo cha katikati kama utando wa buibui. Nikampigia yule bwana. "Kaka, kioo cha mbele si kiko safi?" Nikasema ndiyo. "Basi, hiyo ndiyo niliyokuuzia." Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Lenzi hiyo iko kabatini mpaka leo. Mke wangu alilipa kikoba miezi kumi na hajawahi kunisimanga hata siku moja, jambo ambalo ni baya kuliko angenisimanga. Walionisimanga ni wenzangu. Nilifanya kosa la kusimulia kwenye kundi letu la wapiga picha, nikapewa jina: Bwana Nzi. Wapo wanaoniita hivyo hadi sasa, na wapo ambao mwezi uliopita, lodge moja ya huku ziwani iliponunua picha zangu sita kubwa na kuzitundika mapokezi, walikuwa wa kwanza kuuliza "kaka, unatumia lenzi gani?"

Lenzi ninayotumia ina umri kunizidi. Kuna mzee mmoja ana studio nyuma ya Makoroboi, chumba kimoja, anapiga paspoti na kukarabati picha za marehemu. Nilimpelekea ile mbovu nikidhani anaweza kuisafisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwangaluka. Umeniletea mgonjwa?"

Akaimulika, akatikisa kichwa, akanirudishia. Halafu akaniuliza nilitaka kuipigia nini. Nikamwambia, nikitegemea kicheko. Mzee hakucheka. Akafungua droo, akatoa Helios ya milimita 58, ile iliyokuwa inakuja na kamera za Zenit za Wasovieti. Akachukua kamera yangu, akavua lenzi, akaigeuza ile Helios kinyumenyume, mdomo wa mbele ukatazama ndani ya kamera, akaishikilia hivyo hivyo kwa vidole. Juu ya meza kulikuwa na dagaa wakavu kwenye gazeti, mchana wake. Akamsogeza mmoja dirishani. "Chungulia."

Nilichungulia. Jicho la dagaa lilikuwa katikati ya dirisha la kamera, kubwa kuliko nilivyowahi kuliona. Limebonyea katikati kwa kukauka, pembeni lina mduara wa fedha uliopasukapasuka kama rangi ya mtumbwi wa zamani, na kwenye mboni imenasa chembe moja ya mchanga, mchanga wa ufukweni alikoanikwa. Chembe ile ilionekana kama jiwe. Nimekula dagaa wangapi maishani?

Laki nane na nusu ilikuwa kabatini, na jicho la dagaa lilikuwa mbele yangu bure.

Sasa twende kwenye ulichoniuliza. Makro kwa maana yake kamili ni pale kitu kinapoangukia kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha, kikiwa na ukubwa wake halisi: mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 za sensa. Kamera nyingi za mtumba tunazotumia zina sensa yenye upana wa milimita 22 au 23 hivi, kwa hiyo mdudu huyo anakaribia nusu ya picha. Njia za kufika hapo bila lenzi ya makro ni mbili zinazonihusu. Ya kwanza ni hiyo ya mzee, kugeuza lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikigeuzwa inakupa karibu ukubwa halisi. Ile ndogo ya 18-55 inayokuja na kamera ikigeuzwa, ukiwa kwenye 18, inapita hapo kwa mbali, unaanza kuhesabu vinyweleo. Unahitaji ringi ya kugeuzia, pete inayoishikiza lenzi iliyogeuzwa kwenye kamera, ambayo mimi niliagiza kwa elfu 18. Ya kwanza kabisa nilijitengenezea: kifuniko cha plastiki kinachoziba mdomo wa kamera nilikitoboa katikati, nikakigandisha kwa gundi kwenye fremu ya filta iliyopasuka kioo. Ilifanya kazi miezi minne mpaka gundi ikaachia juani.

Ya pili ni tyubu. Ni mabomba matupu, hayana kioo chochote ndani, yanakaa kati ya kamera na lenzi. Hayana kioo, kwa hiyo hayaoti kuvu, na hilo kwangu ni neno kubwa. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa tyubu kwa milimita za lenzi. Seti ya 12, 20 na 36 jumla yake ni 68. Ukiiweka kwenye lenzi ya 50 unapata ukubwa halisi na zaidi kidogo ya theluthi. Ukiiweka kwenye lenzi ya 200 unapata theluthi tu, umepoteza muda. Tyubu zinapenda lenzi fupi. Za bei ya chini kabisa hazipitishi umeme wa kamera, kwa hiyo huwezi kubadili tundu la lenzi, pale mwanga unapopitia, ukishaifunga. Chukua zenye vile vishaba vya rangi ya dhahabu mdomoni kama pesa inaruhusu, au tumia lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungushia tundu kama Helios. Yangu niliipata kwa elfu 35 na haina umeme.

Vile vilenzi vya kubana kwenye simu mnanivunja moyo mnaponiuliza. Hapana.

Pesa iliyobaki peleka kwenye mwanga. Hapa nasema kwa sauti: mwanga, mwanga, mwanga. Ukishasogea karibu hivyo, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba kama karatasi, ndiyo maana unabana tundu hadi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu linazidi kuwa dogo), na ukibana hivyo giza linaingia. Tena ukiwa kwenye ukubwa halisi, f/11 inafanya kazi kama f/22. Jua la Mwanza lenyewe halitoshi, na likitosha linachoma mgongo wa mdudu mpaka anakuwa mweupe. Flashi ya mtumba nilinunua elfu 120, ile ya kurekebisha kwa mkono, haina ujanja wowote. Ukiitumia wazi utapata mdudu anayeng'aa kama bati jipya, lazima uilainishe. Nilianza na kipande cha dumu la mafuta ya kula, lile la njano, na wiki nzima kila buibui wangu alikuwa na homa ya manjano. Sasa natumia kopo jeupe la aiskrimu, nimelikata, nimelibandika kwa selotepu. Picha zote sita zilizoko lodge zimepigwa kupitia kopo la aiskrimu. Mapokezi wao hawajui.

Jumla yangu, ringi, tyubu na flashi, ni laki moja na elfu sabini na tatu. Helios mzee hakutaka pesa, alichukua kilo ya sato.

Sisemi vifaa hivi vinafanya kila kitu. Lenzi iliyogeuzwa inakutaka usogee mpaka sentimita nne hivi, na kuna viumbe havina subira hiyo. Wale mijusi wa kwenye mawe yetu, wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, ambao wanasayansi wamewaita Agama mwanzae kwa heshima ya mji huu, nimewafukuza kisiwani Saanane siku nzima na nimerudi na picha za mawe. Yule anahitaji lenzi ndefu. Kerengende nenda alfajiri kwenye mafunjo, bado ana baridi na umande, anakuacha. Hata pete ya fokasi usihangaike nayo, sogea wewe na kamera yako mbele na nyuma taratibu, punguza pumzi.

Lakini vijana wa sasa, na mimi nikiwemo, tunanunua jina. Mtu hajawahi kupiga hata sisimizi wa jikoni kwao, anataka lenzi ya milioni. Unakopa, unadanganya nyumbani, unasema ni biashara. Biashara gani? Mdudu hajali lenzi yako ni ya nani. Na kama ni lazima ununue mtumba, mulika kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, kabla pesa haijatoka. Mzigo ukija kwa basi fungua palepale stendi, waache makuli wakucheke. Mimi walionicheka hawakuwa makuli.

Niliyaandika haya yote jana, nikamtumia yule dada wa Sengerema kabla sijayaweka hapa. Amejibu asubuhi: "Asante kaka. Nilisahau kusema, kamera yangu ni Nikon D3100 na lenzi yake ya 18-55, haina hiyo pete ya tundu."

Basi mdogo wangu, kwako iko hivi. Ringi yako iwe ya Nikon. Ukubwa wake soma ndani ya kifuniko cha mbele cha lenzi, karibu na ile alama ya duara lililokatwa mstari, nyingi za 18-55 za wakati huo ni 52. Kamera weka kwenye M, ile ya kupanga kila kitu kwa mkono, vinginevyo haitakubali kupiga. Na lenzi ya Nikon ikishatoka kwenye kamera tundu lake linajifunga lenyewe, utachungulia uone giza udhani umeiua. Hujaiua. Nyuma yake kuna kiwashio kidogo cha chuma pembeni. Kisukume taratibu uone tundu linafunguka, kisha kizuie kwa kipande cha kijiti cha kiberiti. Kijiti kinene, tundu wazi sana. Kichonge kidogo kidogo kwa wembe mpaka lifike unapotaka. Mimi ningeanza na tundu likiwa nusu wazi.